Kwa Mlango wa Uani: Wanawake wa Hisabati Göttingen, 1787–1933

Göttingen ni mji mdogo wa katikati ya Ujerumani ambao kwa zaidi ya karne moja, tangu zama za Carl Friedrich Gauss hadi mwaka 1933, ulikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya hisabati duniani. Chuo kikuu chake kilifunguliwa mwaka 1737 chini ya Georg wa Pili, mtawala wa Hannover ambaye wakati huohuo alikuwa mfalme wa Uingereza. Kama vyuo vingine vya zama hizo, kilikuwa chuo cha wanaume: wanafunzi wanaume, walimu wanaume, watahini wanaume. Hata hivyo, anayefuatilia maisha ya wanawake waliojenga hisabati ya kisasa hulikuta jina la mji huu tena na tena. Waliingia, ila kwa mlango wa uani: huyu kwa jina la kuazima, yule kwa shahada aliyotunukiwa akiwa mji mwingine, mwingine kwa kuwa ni mgeni kutoka nje, mwingine kwa kufundisha masomo yaliyotangazwa kwa jina la mwanamume. Uwezo wao walimu wakubwa wa Göttingen waliutambua mapema, na mara nyingi waliukiri waziwazi. Haki zinazofuatana na uwezo huo ndizo zilizochelewa.

Wa kwanza alikuwa Dorothea Schlözer, binti wa profesa wa historia wa chuo hichohicho, August Ludwig Schlözer. Baba alikuwa na ubishi na wanaelimu wa zama zake juu ya malezi na masomo ya watoto, akaamua kuumaliza kwa kumsomesha bintiye mwenyewe. Dorothea alifundishwa hisabati tangu utotoni, akajifunza lugha nyingi, akateremka hadi kwenye migodi ya milima ya Harz kusoma habari za madini. Mwaka 1787, akiwa na umri wa miaka 17, alitahiniwa na maprofesa, hisabati ikiwamo, na Septemba mwaka huo, chuo kikiadhimisha miaka 50, akatunukiwa udaktari wa falsafa. Hakuna mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa ameupata kabla yake. Lakini haikuwa adabu kwa msichana asiyeolewa kukaa katika hadhara ile ya wanaume, hivyo sherehe ya shahada yake mwenyewe aliitazama dirishani. Baadaye aliolewa na mfanyabiashara wa Lübeck, na elimu yote ile ikaishia katika mazungumzo ya barazani na wageni. Baba alishinda ubishi wake. Binti hakupata kazi ya kuifanya na ushindi huo.

Wa pili hakuwahi kukaa Göttingen kama mwanafunzi wala mwalimu. Sophie Germain alizaliwa Paris mwaka 1776 katika nyumba ya mfanyabiashara wa hariri. Alipofika miaka 13 mapinduzi ya Ufaransa yalizuka, na mitaani hakukuwa na usalama, kwa hiyo alijifungia katika maktaba ya baba yake. Huko alisoma kisa cha Archimedes, aliyeuawa na askari wa Kirumi akiwa amezama katika mchoro wa jiometri, na inasemekana aliona kwamba elimu inayoweza kumsahaulisha mtu kifo lazima iwe na utamu wake. Wazazi hawakufurahia. Walimnyang'anya mshumaa, moto na nguo za joto ili usiku alale. Yeye akaficha mishumaa, akajitanda mablanketi na kuendelea, hata usiku ambao wino uliganda chupani kwa baridi. Mwishowe waliacha kumsumbua.

Chuo cha École Polytechnique kilipoanzishwa Paris mwaka 1794, hakikupokea wasichana, lakini maandishi ya mihadhara yalikuwa yanapatikana. Germain aliyapata, akayafanyia kazi, kisha akampelekea Joseph-Louis Lagrange insha yake kwa jina la LeBlanc, mwanafunzi wa kiume. Lagrange alivutiwa, akamtafuta mwandishi, akashangaa kumkuta mwanamke, akabaki kuwa mlezi wake katika elimu. Jina hilohilo la LeBlanc ndilo alilolitumia Novemba 1804 kumwandikia Gauss, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amechapisha kitabu chake kikuu cha nadharia ya namba. Gauss alimjibu LeBlanc kama mtu anayejibu mwenzake.

Siri ilifichuka kwa sababu ya vita. Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliuteka mji wa Braunschweig, alikokuwa akiishi Gauss. Germain, akikumbuka yaliyompata Archimedes, alimwomba jenerali mmoja rafiki wa familia yake, Pernety, ahakikishe usalama wa mwanahisabati huyo. Mjumbe wa jenerali alimfikia Gauss na kumweleza kwamba anayemhurumia ni bibi mmoja wa Paris aitwaye Germain. Gauss hakumjua bibi huyo hata kidogo. Ilibidi Germain aandike barua ya kukiri kwamba yeye ndiye LeBlanc. Jibu la Gauss, la tarehe 30 Aprili 1807, limejaa sifa: alieleza kwamba mwanamke anayefika mbali katika nadharia ya namba, kwa vikwazo vyote ambavyo desturi imemwekea, ana ujasiri na kipaji cha namna ya pekee. Mwaka huohuo Gauss aliteuliwa kuongoza kituo cha kuchunguza nyota cha Göttingen, akabaki mjini hapo hadi kufa kwake.

Tatizo lililomshughulisha Germain zaidi ni lile lililoachwa na Pierre de Fermat katika karne ya 17: kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina jibu la namba kamili zisizo sifuri pale n inapozidi 2. Waliomtangulia walishughulikia kipeo kimoja kimoja. Fermat mwenyewe aliimaliza 4, Euler akaikabili 3. Germain alikuja na njia ya kuvikabili vipeo vingi kwa mpigo, na kiini chake kinaonekana kwa kalamu na karatasi. Chukua kipeo cha 5. Namba yoyote ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe hadi kipeo hicho, kisha ikagawanywa kwa 11, baki huwa 0, 1 au 10 tu: 2⁵ ni 32, baki 10, 3⁵ ni 243, baki 1, 4⁵ ni 1,024, baki 1. Sasa ichukuliwe kwamba x⁵ + y⁵ = z⁵, na kwamba hakuna hata moja kati ya namba hizo tatu inayogawanyika kwa 11. Upande wa kushoto utajumlisha baki mbili ambazo kila moja ni 1 au 10, na jumla itaacha baki 2, 9 au 0. Upande wa kulia unadai baki 1 au 10. Pande hizo hazikutani, kwa hiyo mojawapo ya x, y na z lazima igawanyike kwa 11. Kutoka hapo Germain alionyesha kwamba mojawapo lazima igawanyike kwa 5 pia, jambo linalowabana sana wanaotafuta jibu. Namba 11 ilifaa kwa sababu ni 2 × 5 + 1 na yenyewe ni namba tasa. Alithibitisha kwamba hali ni hiyohiyo kwa kila namba tasa p, isipokuwa 2, ambayo 2p + 1 yake ni namba tasa pia, kisha akatafuta namba nyingine saidizi hadi akavifikia vipeo vyote tasa vilivyo chini ya 100.

Kazi hiyo haikuchapishwa kwa jina lake. Adrien-Marie Legendre aliitaja katika maandishi yake ya mwaka 1823, kwenye tanbihi, na kwa muda mrefu wanahisabati walidhani mchango wa Germain ulikuwa wa tanbihi tu. Mafaili yake yaliyohifadhiwa Paris yanaonyesha mpango mpana zaidi wa kulimaliza tatizo lote, mpango ambao haukufaulu lakini ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Namba tasa za Germain zinatumika leo katika mbinu za kuficha ujumbe wa kompyuta. Upande wa fizikia, mwaka 1816 alipata tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Paris kwa maelezo ya mitetemo ya mabamba, baada ya kushiriki shindano hilo mara tatu, lakini hakwenda kuipokea.

Alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1831. Hati ya kifo ilimwandika kuwa mwanamke anayeishi kwa mapato ya mali yake. Neno hisabati halimo. Inasimuliwa kwamba Göttingen ilipoadhimisha miaka 100 mwaka 1837 na kugawa shahada za heshima, Gauss alisikitika kwamba Germain hakuwa hai kupokea yake.

Shahada halisi ilitolewa mwaka 1874, nayo ilikwenda kwa Mrusi. Sofya Kovalevskaya alizaliwa Moscow mwaka 1850 na kulelewa katika shamba la familia huko Palibino. Karatasi za kupamba kuta zilipopungua, chumba cha watoto kilibandikwa kurasa za mihadhara ya kalkulasi ya Ostrogradsky, na msichana huyo alikaa mbele ya ukuta ule akijaribu kubaini kurasa zinavyofuatana. Urusi haikuruhusu wanawake kusoma vyuo vikuu, na mwanamke hakuweza kusafiri nje bila idhini ya baba au mume. Vijana wa kizazi chake walikuwa wamegundua dawa ya jambo hilo: ndoa ya karatasi. Mwaka 1868 aliolewa na Vladimir Kovalevsky, mtaalamu wa visukuku, na mwaka uliofuata wakaondoka.

Huko Heidelberg aliruhusiwa kuhudhuria mihadhara kwa idhini ya kila profesa mmojammoja. Berlin, kwa mwanahisabati Karl Weierstrass, hata hilo halikuwezekana. Weierstrass alimpa maswali magumu, pengine kwa nia ya kumwondoa kistaarabu. Alipoona majibu alikwenda kukiomba chuo kimpokee, chuo kikakataa. Basi alimfundisha nyumbani kwa miaka minne, bila malipo, akimpitisha katika mambo yaleyale aliyowaeleza wanafunzi wake darasani. Mwaka 1874 mwanafunzi alikuwa na kazi tatu mkononi, ambazo kila moja kwa maoni ya mwalimu ilitosha kuwa tasnifu. Mojawapo ilihusu pete za sayari ya Zohali. Ile iliyodumu zaidi ilieleza ni lini milinganyo inayotawala mabadiliko ya kitu katika nafasi na muda huwa na jibu, na jibu hilo kuwa moja tu. Wanafunzi wa hisabati wa vyuo vikuu bado huisoma kwa jina la kanuni ya Cauchy na Kovalevskaya.

Berlin haikuweza kumpa shahada, kwa hiyo Weierstrass alielekea Göttingen, chuo kilichokuwa na utaratibu wa kumtunuku mtu asiyekuwapo. Kovalevskaya aliomba asamehewe mtihani wa mdomo, akakubaliwa, na shahada ikatolewa kwa daraja la juu kabisa bila yeye kukanyaga ukumbi wa mtihani. Rafiki yake Yulia Lermontova, aliyekuwa akiishi naye Ujerumani, alipata udaktari wa kemia chuoni hapo mwaka huohuo. Yeye hakusamehewa, alikabili watahini ana kwa ana.

Cheti hakikumpatia Kovalevskaya kazi. Aliporudi Urusi, alichoweza kutazamia ni kufundisha hesabu za madarasa ya chini katika shule ya wasichana, naye alisema kwa kejeli kwamba hesabu za kuzidisha hazikuwa fani yake. Kwa miaka kadhaa aliacha hisabati kabisa. Alimzaa binti mwaka 1878, mume alijiua mwaka 1883 baada ya biashara kumwendea mrama, na mwaka 1884 mwanahisabati Gösta Mittag-Leffler akampatia nafasi ya kufundisha Stockholm. Mwaka 1888 alipata tuzo ya Bordin ya Paris kwa uchunguzi wa kitu kigumu kinachozunguka kwenye nukta isiyohama, kama pia. Waamuzi waliona kazi ni nzuri kiasi cha kuongeza fedha za tuzo kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Mwaka uliofuata alithibitishwa kuwa profesa kamili, na mwaka 1891 nimonia ikamuua akiwa na miaka 41. Göttingen ilimtambua, kazi alipewa na Sweden.

Mabadiliko ya kweli mjini Göttingen yaliletwa na mwanahisabati Felix Klein, aliyehamia Göttingen mwaka 1886 akiwa na azma ya kukirudishia chuo hadhi ya enzi za Gauss. Klein alikuwa na mshirika serikalini, Friedrich Althoff, ofisa wa wizara ya elimu ya Prussia aliyeshika uteuzi wa vyuo vikuu. Mwaka 1893 wizara ilikubali wanawake watatu waingie masomo ya hisabati na fizikia Göttingen: Grace Chisholm kutoka Uingereza, na Mary Winston na Margaret Maltby kutoka Marekani. Wote ni wageni, na si kwa bahati. Mgeni akipokelewa ni ukarimu. Angepokelewa Mjerumani, maelfu ya wenzake wangebisha hodi siku ya pili.

Chisholm alikuwa amefanya mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1892 na kufikia daraja la kwanza, lakini Cambridge iliwatahini wanawake bila kuwapa shahada, na iliendelea hivyo hadi mwaka 1948. Göttingen alitunukiwa udaktari mwaka 1895 kwa kazi iliyounganisha aljebra na pembetatu zilizochorwa juu ya tufe. Hata ruhusa ya kutahiniwa ilibidi iombwe upya wizarani. Ulikuwa udaktari wa kwanza wa hisabati kupatikana kwa mwanamke Göttingen kwa njia ya kawaida, yaani mihadhara, tasnifu na mtihani wa mdomo. Maltby alipata wa fizikia mwaka huohuo, Winston wa hisabati mwaka 1897. Klein alipoulizwa maoni yake kuhusu wanawake vyuoni wakati huo, alijibu kwamba waliohudhuria masomo yake ya juu hawakuwa nyuma ya wanaume kwa jambo lolote.

Yaliyofuata kwa Chisholm yanaonyesha kwamba shahada na jina ni vitu viwili. Mwaka 1896 aliolewa na William Henry Young, aliyewahi kumfundisha Cambridge, na mwaka uliofuata wakahamia Göttingen. Kwa pamoja walitoa makala zaidi ya 200 na, mwaka 1906, kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu ya nadharia ya seti. Kitabu kilibeba majina yote mawili. Makala nyingi zilitoka kwa jina la mume peke yake, kwa makubaliano ambayo William mwenyewe aliyaeleza waziwazi katika barua: kazi ni ya wote wawili, ila sifa ziende kwake kwa sasa kwa kuwa ndiye anayeweza kuombea uprofesa. Chisholm alilea watoto sita. Katika miaka ya 1914 hadi 1916 alichapisha kwa jina lake mwenyewe makala juu ya msingi wa kalkulasi, na matokeo yake yanabeba jina la Denjoy, Young na Saks. Young wa hapo ni mke.

Baada ya 1893 idadi iliongezeka polepole. David Hilbert, aliyefika Göttingen mwaka 1895, alisimamia tasnifu za wanawake kadhaa: Anne Bosworth kutoka Marekani, Nadezhda Gernet na Lyubov Zapolskaya kutoka Urusi, na Vera Lebedeva, ambaye baadaye alikuwa profesa nchini Romania. Mwaka 1908 Prussia iliwaruhusu wanawake kujiandikisha kama wanafunzi kamili, na mwaka 1909 Wajerumani wawili wa Kiyahudi, Margarete Kahn na Klara Löbenstein, walipata udaktari kwa kazi juu ya umbo la mikunjo ya aljebra, sehemu ya tatizo la 16 katika orodha maarufu ya Hilbert. Amri za mwaka huo wa 1908 zilikuwa na upande wa pili: mwanamke angeweza kusoma, lakini hakuruhusiwa kuomba kibali cha kufundisha chuo kikuu.

Amri hiyo ndiyo aliyoikuta Emmy Noether. Alizaliwa Erlangen mwaka 1882, binti wa mwanahisabati Max Noether. Alianza kwa kufuzu kuwa mwalimu wa Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana, kisha akageukia hisabati kama msikilizaji asiyesajiliwa, Erlangen na kwa muhula mmoja Göttingen. Erlangen ilipowaruhusu wanawake kujisajili mwaka 1904 alirudi, na mwaka 1907 akapata udaktari kwa Paul Gordan kwa tasnifu iliyoorodhesha mamia ya fomula za aljebra moja baada ya nyingine. Baadaye mwenyewe aliiita takataka. Kwa miaka saba alifanya utafiti na kufundisha Erlangen bila mshahara, mara nyingine akishika madarasa ya baba yake aliyekuwa mgonjwa.

Mwaka 1915 Hilbert na Klein walimwita Göttingen kwa sababu walimhitaji. Albert Einstein alikuwa anaikamilisha nadharia yake mpya ya uhusianifu, na ndani yake kanuni ya uhifadhi wa nishati ilikuwa na tabia ya ajabu ambayo Hilbert alishindwa kuifafanua. Noether alikuwa bingwa wa vitu visivyobadilika pale vingine vinapogeuzwa. Hilbert aliomba apewe kibali cha kufundisha. Wanahisabati wengi waliunga mkono, ila wanahistoria na wanaisimu wa kitivo hichohicho walipinga: askari wakirudi kutoka vitani watajisikiaje kukuta wanafundishwa na mwanamke? Na akipata kibali, kesho atakuwa profesa, keshokutwa ataingia seneti. Jibu la Hilbert linasimuliwa hadi leo, kwamba haoni jinsia ya mwombaji inahusu nini, kwani seneti si hamamu. Ombi halikupita. Suluhisho likawa tangazo: semina ya fizikia ya hisabati, mwalimu Profesa Hilbert, akisaidiwa na Dkt. E. Noether, bila ada. Aliyefundisha ni msaidizi.

Jibu la suala la nishati lilikuja mwaka 1918 katika makala aliyoiandika kwa heshima ya Klein, aliyekuwa akitimiza miaka 50 tangu apate udaktari. Klein ndiye aliyeiwasilisha mbele ya jumuiya ya kisayansi ya Göttingen, kwa kuwa Noether hakuwa mwanachama. Kwa lugha ya kawaida, kanuni ya Noether inasema kwamba kila ulinganifu endelevu katika sheria za maumbile huzaa kitu kisichopotea. Jiwe likirushwa leo na kesho kwa namna ileile litafuata njia ileile, kwa sababu sheria za maumbile hazijali tarehe. Kutokana na kutojali huko ndiko nishati huhifadhiwa. Likirushwa hapa au hatua kumi kando, sheria ni zilezile. Hapo ndipo inapohifadhiwa momenta. Geuza maabara nzima ielekee upande mwingine, hakuna kinachobadilika. Hapo momenta ya mzunguko. Kabla ya hapo wanafunzi walifundishwa uhifadhi wa nishati kama jambo lililothibitika kwa majaribio. Baada ya hapo ilijulikana chanzo chake. Fizikia ya chembe ndogo ya karne ya 20, inayoanza kwa kuuliza ulinganifu gani upo, imejengwa juu ya makala hiyo, na ni vigumu kutaja makala nyingine ya hisabati yenye uzito huo iliyoandikwa na mtu asiyelipwa hata senti.

Ufalme ulianguka Novemba 1918, jamhuri ikaja na haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1919 kibali kikatoka. Mwaka 1922 alipewa cheo cha profesa kisicho na mshahara. Malipo madogo ya kufundisha aljebra yalianza mwaka 1923. Hakuwahi kupanda zaidi ya hapo Göttingen.

Miaka hiyo ndiyo aliyoifanya aljebra upya. Waliotangulia walikokotoa; Noether aliuliza ni sifa zipi chache za msingi zinazotosha kuleta matokeo yote, akaacha mengine. Makala yake ya 1921 ilichukua wazo ambalo linaonekana dogo: mlolongo wa mafungu ambamo kila fungu limemeza lililotangulia, na sharti kwamba mlolongo wa namna hiyo lazima ukome mahali fulani. Chukua vigawe vya 12: vimo ndani ya vigawe vya 6, navyo vimo ndani ya vigawe vya 3, navyo ndani ya namba kamili zote, hapo mlolongo umefika mwisho, hauna pa kwenda. Kutokana na sharti hilo peke yake alipata kanuni kuu za kugawanya vitu vya aljebra katika sehemu zake za msingi, kwa namba na kwa milinganyo kwa pamoja. Mifumo inayotii sharti hilo inaitwa ya Kinoether popote hisabati inapofundishwa. Mholanzi B. L. van der Waerden alikuja Göttingen, akahudhuria mihadhara yake, na kitabu alichokichapisha mwaka 1930 na 1931 kutokana na mihadhara hiyo na ya Emil Artin kikawa mfano wa vitabu vya aljebra vilivyofuata.

Hakuwa mhadhiri mwepesi kufuatwa. Aliongea haraka, alifikiri mbele ya ubao, na wageni walitoka mikono mitupu. Waliovumilia waliondoka na mada za kufanyia kazi maisha yao yote, kwa maana alitoa mawazo yake bila kudai yatajwe kwa jina lake. Matembezi marefu nje ya mji yalikuwa sehemu ya masomo. Mwaka 1932, kwenye kongamano la kimataifa la wanahisabati mjini Zurich, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoa mhadhara mkuu mbele ya wajumbe wote.

Aprili 1933, miezi mitatu baada ya Hitler kushika madaraka, sheria mpya iliwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Noether alisimamishwa pamoja na Richard Courant, Max Born na wengine. Alikuwa Myahudi, mwanamke, na mtu mwenye mwelekeo wa kushoto. Aliendelea kuwafundisha wanafunzi sebuleni kwake, akiwamo mmoja aliyekuja na sare ya kundi la wapiganaji wa chama cha Nazi, na inaelezwa kwamba mwalimu alichekea moyoni. Mwishoni mwa mwaka huo alihamia Bryn Mawr, chuo cha wanawake Pennsylvania, ambako idara ya hisabati ilikuwa imeanzishwa mwaka 1885 na Charlotte Angas Scott, mhitimu wa Cambridge asiye na shahada ya Cambridge, na wakati huo iliongozwa na Anna Pell Wheeler, ambaye ujanani alisoma Göttingen. Kwa mara ya kwanza Noether alifanya kazi miongoni mwa wanahisabati wanawake wenzake. Ilidumu mwaka mmoja na nusu: alifariki tarehe 14 Aprili 1935, siku chache baada ya upasuaji wa uvimbe, akiwa na miaka 53.

Wengine walitawanyika kila mmoja kwa njia yake. Löbenstein alikimbilia Argentina mwaka 1941. Kahn, aliyefanya kazi ya ualimu wa shule kwa miaka mingi, alisafirishwa na Wanazi mwaka 1942 kwenda Piaski, Poland, na hakurudi. Grete Hermann, aliyeandika tasnifu kwa Noether katikati ya miaka ya 1920, alihusika na upinzani dhidi ya Hitler, akalazimika kuihama nchi mwaka 1936 na kuishi Denmark kisha Uingereza hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1935 alikuwa amechapisha insha iliyoonyesha kasoro katika hoja mashuhuri ya John von Neumann kuhusu misingi ya fizikia ya kwanta. Haikusomwa na wengi, na kasoro hiyohiyo ilipata umaarufu baada ya John Bell kuichapisha mwaka 1966. Tasnifu ya Hermann nayo ilikuwa imekwenda kinyume na mtindo wa mwalimu wake: Noether aliridhika kujua kwamba jibu lipo, Hermann alitaka kujua litapatikana kwa hatua ngapi. Swali hilo halikuwa na wateja wengi mwaka 1926. Zilipokuja kompyuta zinazokokotoa aljebra lilikuwa la lazima, na zaidi ya miaka 70 baada ya kuandikwa tasnifu ilitafsiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wataalamu wa fani hiyo.